“Yake ina mistari, yangu pia ina mistari”: nilinganisheje picha zangu na za wengine?

Swali: Napiga picha kwa simu, hasa watu na pilikapilika za mitaani. Nikiziweka kando ya picha za wapiga picha ninaowapenda naona zangu zimepooza, ila siwezi kusema zimekosa nini. Nimesoma kuhusu mistari, maumbo, rangi, toni (yaani viwango vya mwanga na giza kwenye picha) na kadhalika, lakini nikikaa kulinganisha naishia kuandika “yake ina mistari, yangu pia ina mistari”. Nilinganisheje ili nijifunze kitu? Nimeambatisha picha tatu: mwendesha baiskeli niliyempiga nikiwa juu ya ngazi, mama yangu akiwa dirishani, na mafundi kwenye jengo linalojengwa.

Jibu: Umefanya vizuri kuambatisha picha, maana swali kama hili bila picha hujibiwa kwa maneno ya jumla tu. Nimezitazama zote tatu. Kabla sijazigusa, turudi kwenye ile sentensi yako ya mistari, kwa kuwa ugumu wote umejificha humo. Hakuna picha isiyo na mistari. Hata ukipiga ukuta mtupu, kingo nne za fremu ni mistari. Hakuna isiyo na toni, maumbo wala nafasi. Ukiuliza kama kitu kipo, utajijibu “ndiyo” kila mara na hutajifunza lolote, sawa na mtu aliyetumwa kulinganisha nyumba mbili akarudi na habari kwamba zote zina milango. Uliza mstari huo unafanya kazi gani: unalipeleka jicho wapi, unatenganisha nini na nini, na ukiufunika picha inapungukiwa na nini. Nikisema ukiufunika, nina maana ya kuufunika kweli, kwa kidole. Funika, tazama, ondoa kidole, tazama tena. Kama hakuna kilichobadilika, kitu hicho kipo pale kwa bahati tu.

Halafu kuna suala la nani wa kulinganishwa naye. Wengi huchukua picha yao ya juzi wakaiweka kando ya picha yoyote iliyowapendeza, moja ni ya mtoto anacheka na nyingine ni ya mlima wenye theluji, kisha wanahuzunika. Tafuta picha ambayo mpigaji wake alikuwa na kibarua kilekile ulichokuwa nacho wewe: mtu mmoja anapita mahali penye maumbo mengi, uso karibu na mwanga wa dirisha, watu wengi wako kazini. Zitazame zote mbili kwa ukubwa mmoja, kwenye kioo kimoja. Picha iliyochapwa ukubwa wa meza itaishinda ya simu kabla hata hujaanza kutazama.

Tuanze na baiskeli, kwa sababu mwenzake anajulikana sana. Mwaka 1932, mjini Hyères, Ufaransa, Henri Cartier-Bresson alipiga picha akiwa juu ya ngazi: ngazi zenye kizuizi cha chuma zinajipinda sehemu ya chini ya fremu, barabara nayo inapinda, na juu kushoto anapita mwendesha baiskeli ambaye ameacha ukungu wa mwendo. Kibarua ni kilekile chako kabisa. Sasa usianze na “nzuri” au “ina nguvu”. Weka karatasi nyembamba juu ya picha, au tumia programu ya kuchorea kwenye simu, na uchore mistari mikubwa tu, bila watu wala vitu. Fanya hivyo kwa yake, kisha kwa yako.

Kwenye yake utapata mikunjo mitupu. Chuma cha ngazi kinazunguka, vidato vinazunguka, ukingo wa barabara unazunguka, na mizunguko yote hiyo inabakiza kipande kimoja cha barabara kilicho wazi. Baiskeli iko kwenye kipande hicho. Kwenye yako ngazi zimenyooka. Zinaanzia kona ya chini kushoto na kukimbilia ukingo wa kulia, ambako kuna nguzo ya taa na hakuna kingine. Mwendesha baiskeli wako yuko katikati, juu ya kivuli cha mti, na shati lake jeusi limezama ndani ya kivuli hicho. Kwa hiyo mistari unayo, tena minene, ila inamchukua mtazamaji na kumshusha kwenye nguzo ya taa. Hayo ndiyo matokeo ya ulinganisho: mistari yake inamsafishia mtu nafasi, yako inampita mtu. Sentensi ya namna hiyo unaweza kuifanyia kazi. “Picha yangu imepooza” huwezi kuifanyia kitu.

Tazama pia ukali wa vitu. Kwake ngazi zimetulia kali kabisa na baiskeli ina ukungu, na tofauti hiyo peke yake inatosha kusema huyu anapita. Kwako kila kitu ni kikali, kwa hiyo baiskeli inaonekana imeegeshwa na mtu amepanda juu yake. Simu mchana huchagua shata ya haraka mno, yaani huupokea mwanga kwa muda mfupi sana. Ili upate ukungu wa mwendo unahitaji kama sehemu ya 1/30 ya sekunde au polepole zaidi, na simu ishikiliwe imara. Tundu la lenzi kwenye simu nyingi halibadiliki, kwa hiyo ukilazimisha shata ya polepole kwenye jua kali picha itaungua iwe nyeupe. Ngoja jioni au siku ya mawingu. Na jambo la mwisho kuhusu picha ya Hyères: ngazi haziendi popote. Kinachobadilika ni anayepita. Wewe ungeweza kusogea hatua chache, ukaitoa ile nguzo, ukaacha kipande cha barabara chenye mwanga kikiwa kitupu, kisha ukasubiri baiskeli ijayo.

Hapa lazima niingize habari ya vifaa, ingawa sipendi kuianza mapema kwa sababu watu huigeuza kisingizio. Kamera kuu ya simu nyingi za sasa huona kwa upana unaolingana na lenzi ya milimita 24 hadi 28 kwenye kamera ya filamu ya milimita 35. Hizo ni nyuzi kama 75 hadi 84 kutoka kona hadi kona. Cartier-Bresson kwa sehemu kubwa ya kazi yake alitumia lenzi ya milimita 50, ambayo inaona nyuzi kama 47. Ukisimama pale angesimama yeye, simu yako itaingiza vitu vingi zaidi pembeni na mhusika atatoka mdogo. Sehemu kubwa ya ule upwaya unaouona kwenye picha zako inatoka hapo. Ukibonyeza kitufe cha kukuza mara mbili, yaani 2x, simu nyingi zitakupa upana unaokaribia milimita 50, na utakuwa unalinganisha vitu vinavyofanana. Ila kumbuka kwamba ukaribu na umbali wa vitu ndani ya picha, yaani jinsi cha mbele kinavyokuwa kikubwa dhidi ya cha nyuma, hutokana na mahali uliposimama. Kukuza kunakata kingo tu. Ukitaka mtu awe mkubwa kuliko jengo lililo nyuma yake, miguu ndiyo ifanye kazi.

Sasa picha ya mama. Hii ndiyo bora kati ya tatu, na ndiyo yenye mengi ya kusema.

Iweke kando ya picha ya Dorothea Lange ya mwaka 1936, ile ya mama mhamiaji aliyopiga Nipomo, California, ambayo bila shaka umeiona: mama ameshika shavu, watoto wawili wamemwegemea mabegani, mtoto mchanga yuko mapajani. Watu wakiitazama hukimbilia kuzungumzia huzuni. Huzuni ipo, lakini mama yako naye ana uso unaozungumza, kwa hiyo tofauti ya nguvu haiko kwenye hisia. Hesabu nyuso. Wale watoto wawili wamegeuka, tunaona nywele na visogo. Picha ina watu wanne na uso mmoja tu unaoonekana wazi. Fuata mkono: unapanda kutoka chini hadi kwenye shavu, ukifika mwisho wake umefika usoni. Vichwa vya watoto ni maumbo mawili meusi pande mbili za uso ulio mwangavu kidogo. Ukifumba macho nusu, maelezo yote yakapotea, bado kinabaki kitu cha pembetatu chenye uso kileleni.

Fumba macho nusu mbele ya picha yako. Nikifanya hivyo mimi naona mraba mweupe mkubwa, ambao ni dirisha, na kando yake kitu cheusi. Mama ndiye hicho kitu cheusi. Jicho la mwanadamu hukimbilia penye mwanga mkali na penye mpambano mkubwa wa weusi na weupe, na kwenye picha yako vyote viwili viko kwenye fremu ya dirisha. Mama mwenyewe nampata baada ya kumtafuta. Ningekuwa na ruhusa ya kukufundisha kitu kimoja tu kwa mwaka mzima, ningechagua toni. Mistari na rangi hupata sifa zaidi, lakini picha nyingi zinazoitwa zimepooza zina kosa hili: sehemu yenye mwanga mwingi siyo sehemu yenye habari.

Njia ya kulinganisha toni ni rahisi na haihitaji jicho lililofunzwa. Chukua nakala za picha zote mbili, ziondolee rangi, zififishe kwa ukungu mpaka nyuso zisitambulike, kisha zipunguze ziwe ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Andika mahali jicho linapotua kwanza katika kila moja. Baada ya hapo fungua picha halisi na uulize kama hapo ndipo palipokuwa na jambo lako. Usishangae ukikuta kwamba picha uliyoidhania ni ya mtu, kwa lugha ya toni ni ya dirisha, au ya mfuko mweupe uliosahaulika sakafuni.

Na usidhani wakubwa walipewa toni zao bure. Ansel Adams alipiga picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941. Negativu, yaani filamu inayotumika kuchapia picha, ni ileile moja, lakini chapa alizozitoa mwanzoni zina anga la kijivu lenye mawingu hafifu, na za miaka ya baadaye zina anga jeusi karibu kabisa. Ukipata nafasi ya kuziona mbili pamoja, huo ni ulinganisho bora kuliko wowote ninaoweza kukupa, kwa sababu mistari, maumbo na nafasi havikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni toni peke yake, na picha imekuwa nyingine. Kwa hiyo kupunguza mwanga wa dirisha ukiwa unahariri si udanganyifu. Ila kwa picha yako dawa iko mapema zaidi: mgeuze mama, dirisha liwe ubavuni mwake na litoke kabisa nje ya fremu, mwanga wake ubaki ukimwangukia usoni. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo, kisha ushushe kidogo ikiwa shavu limeng'aa mno. Kumsogelea sana kwa lenzi pana ya simu kutamkuza pua, kwa hivyo kaa hatua mbili nyuma na utumie ile 2x.

Kuna jambo la kingo ambalo picha ya Lange inalifundisha vizuri. Kwenye kona ya chini kulia kulikuwa na kidole gumba kilichoshika mti wa hema. Baadaye kilifutwa kwenye negativu, na ukitazama kwa makini mzimu wake bado unaonekana. Kuna waliolaumu kufutwa huko kwa kuwa picha ilikuwa ushahidi, na lawama hiyo ina maana. Mimi nakutolea mfano huo kwa sababu nyingine: picha yenye uzito kiasi kile, na bado mpigaji alikereka na kitu kidogo kwenye kona. Kwako, kona ya chini kushoto ina nusu ya kiti cha plastiki cheupe. Zungusha macho kwenye kingo zote nne za picha zako, polepole, kabla ya kutazama katikati. Fanya hivyo na za wengine pia, utaona jinsi kona zao zilivyo kimya, au zilivyo na kazi maalumu.

Na si lazima ulinganishe na Lange tu. Mama yako amevaa gauni la maua na pazia nalo ni la maua, na najua kuna mtu atakwambia tatizo ni hilo, “mandhari ya nyuma ina fujo”. Mpeleke kwa Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Keïta aliweka watu waliovaa vitambaa vya marembo mbele ya vitambaa vingine vya marembo, mpaka mwili na ukuta vinakaribia kushikana, na bado huna shaka hata kidogo nani anakutazama. Funika uso wa mmoja wa watu wake kwa kidole uone. Katika bahari ile ya marembo, sehemu tulivu zisizo na urembo ni uso, shingo na mikono. Utulivu huo ndio unaolivuta jicho. Tena marembo ya nguo na ya kitambaa cha nyuma mara nyingi hutofautiana kwa ukubwa, hivyo mpaka wa mwili unasomeka. Kwako maua ya gauni na ya pazia yana ukubwa mmoja na rangi moja, na uso uko gizani, kwa hiyo hakuna sehemu tulivu yenye mwanga. Kosa siyo maua. Ukimwashia uso mwanga, pazia lile laweza kugeuka kuwa fahari ya picha.

Picha ya mafundi nitaipitia kwa haraka zaidi, kwa sababu kosa lake ni moja na ni la umbali. Sebastião Salgado alipiga machimbo ya dhahabu ya Serra Pelada, Brazili, mwaka 1986. Katika baadhi ya picha hizo amesimama mbali kiasi kwamba maelfu ya wachimbaji wanageuka kuwa chembechembe za ukuta wa udongo, na ngazi zinakuwa michirizi. Watu wamekuwa ukwaru wa mlima, yaani mikwaruzo na vinundu vya uso wake. Katika nyingine amekaribia hadi unaona tope kwenye ngozi ya mtu mmoja. Wewe umesimama katikati ya hizo mbili. Mafundi wako ni wengi mno kuwa watu na ni wachache mno kuwa ukwaru. Chagua upande. Panda ghorofa ya jengo la jirani, au omba ruhusa uingie karibu mpaka mkono na mwiko vijaze nusu ya fremu.

Ila kwenye rangi usijilinganishe na Salgado, kwa kuwa picha zile ni nyeusi na nyeupe na hazina la kukuambia. Tazama ile dari nyekundu ya William Eggleston ya mwaka 1973: dari yote nyekundu, balbu katikati, nyaya nyeupe zinaiendea. Iondolee rangi kichwani mwako, na unabaki na balbu kwenye dari. Maana yake rangi pale haijapamba kitu, ndiyo habari yenyewe. Jaribio hilohilo lifanye kwa mafundi: ondoa rangi, kisha jiulize nini kimekufa. Nilipoiondoa mimi, picha ilipata nafuu. Turubai la buluu linachukua karibu robo ya fremu na halina jambo lolote la kusema, linapigana tu na kofia za chungwa, na rangi hizo mbili zikikaa pamoja kila moja huifanya mwenzake iwe kali zaidi. Ungeweza kuitumia hiyo kwa faida, kofia moja ya chungwa peke yake mbele ya buluu yote ile. Kofia saba zilizotawanyika zinakuwa kelele.

Utaona sijataja kanuni ya theluthi, ile ya kugawa fremu kwa mistari miwili wima na miwili ya kulala na kumweka mhusika kwenye makutano. Nimeiacha kwa makusudi. Kwa kupiga picha haina madhara makubwa, lakini kwa kulinganisha ni kifaa duni, kwa sababu inakuambia kitu kiko wapi bila kukuambia kwa nini pale. Mwendesha baiskeli wa Hyères anakaribia theluthi. Wako ungemsogeza hapo bila kugusa zile ngazi, bado zingempita.

Kuhusu namna ya kuandika unachokiona, weka daftari moja na sentensi zenye sehemu tatu: yeye amefanya hivi, mimi nimefanya hivi, kwa hiyo mara ijayo nitajaribu hili. Sehemu ya tatu ndiyo watu huiruka, na bila hiyo ulinganisho unabaki kuwa mtihani ambao mwanafunzi hujipa alama ya chini mwenyewe. Chagua kipengele kimoja kwa kila kikao. Ukijaribu mistari, toni, rangi na nafasi kwa mkupuo mmoja, utarudi kulekule kwenye orodha ya “ipo, ipo, ipo”. Na sehemu ya tatu iwe kitu unachoweza kukifanya kwa mwili: nitasogea kulia, nitainama, nitasubiri kipande kile kiwe wazi. “Nitaboresha kontrasti” haitoshi, maana hujui ufanye nini ukishafika mtaani.

Jambo moja la haki pia. Unalinganisha picha zako za wiki hii na picha moja iliyobaki baada ya mtu kutupa nyingi. Lange hakupiga moja siku ile Nipomo. Nyingine zimehifadhiwa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani na zinapatikana mtandaoni. Katika baadhi yake tunaona hema zima na vitu vilivyotapakaa, mama akiwa mdogo ndani ya mahali, na zina ukweli uleule lakini hazikubani koo. Zitazame kwa mfululizo. Utamwona mpiga picha mkubwa akijilinganisha mwenyewe na mwenyewe, akipunguza anga, hema na nyuso, mpaka vilivyobaki vyote vina kazi. Mfululizo ule utakufundisha kuliko ile maarufu ikiwa peke yake, kwa sababu mahali, mtu na hali ya hewa ni vilevile, na kinachotofautiana ni maamuzi.

Na si kila tofauti ni upungufu. Nyuma ya mama yako kuna rafu yenye redio, saa na picha ya harusi, na ukimfuata Lange moja kwa moja utavikata vyote. Sidhani uvikate. Lange alihitaji mama yule awe mama yeyote. Wewe unampiga mama yako, na vitu vyake ni sehemu ya habari. Hapo ulinganisho umekuonyesha njia mbili, na yako ina sababu. Kinachotakiwa ni vile vitu vipungue mwanga ili visishindane na uso, visifutwe. Ukiweza kuitaja sababu yako kwa sentensi moja, shikilia tofauti hiyo hata kama mpiga picha unayempenda hajawahi kuifanya. Ukishindwa kuitaja, huenda ni mazoea tu.

Kwa kuwa umeuliza uanzie wapi: rudia ya mama kwanza. Baiskeli inategemea anayepita na mafundi wanategemea ruhusa, bali mama na dirisha wako nyumbani. Mkalishe dirisha likiwa ubavuni, ondoa kiti cha plastiki, acha rafu, na upige ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara: mara ya kwanza pembe ya uso, kisha umbali, kisha kiasi cha mwanga. Ziondolee rangi, zipunguze ziwe ndogo, uzipange kwa mstari mmoja pamoja na ile uliyonitumia, na uandike jicho linatua wapi katika kila moja. Lange aje baada ya hapo, na ukiandika tena unitumie mfululizo wote, pamoja na zile ulizotaka kufuta.